Wati 600 Zilizofifisha Seben: Kisa cha Sanduku la Spika Nne Katika Kanisa Moja la Goma

Mazingira

Kisa hiki ni cha kanisa moja la Goma lenye ukumbi wa watu wapatao mia tatu, kuta za mawe ya volkano na paa la bati lisilo na dari. Kikundi cha sifa kina gitaa la solo, mi-solo (gitaa la pili linalosaidiana na solo), besi, kinanda, ngoma na waimbaji. Majina, mtaa na dhehebu vimeondolewa.

Gitaa la solo lilipita kwenye ampli ya valvu (wengi mjini husema ampli ya lampi) ya wati 50, yenye valvu mbili za EL34, iliyokuja ikiwa imetumika kutoka Ubelgiji. Mgongoni ina swichi ya kuchagua omu (kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika) 4, 8 au 16. Sanduku lake la spika, lile linaloitwa bafle, lilikuwa na spika nne za inchi 12, Celestion G12M Greenback za omu 16, kila moja wati 25. Ziliungwa mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili zikaunganishwa sambamba. Omu zinazofuatana hujumlishwa: 16 na 16 ni 32. Jozi mbili za 32 zikiwa sambamba hugawika nusu: 16. Spika nne zinazofanana zikiungwa hivyo hurudi palepale pa spika moja, na nguvu hugawanywa sawa kwa zote nne. Kwa hiyo sanduku zima lilibeba wati 100 na lilisoma omu 16, kama kibao chake kilivyoandikwa.

Muziki wenyewe una masharti. Kwenye seben, ile sehemu ya kuchezesha ya rumba ya Kongo inayoongozwa na magitaa, mpiga solo hupanda juu ya shingo ya gitaa, hurudia kifungu kifupi mara kumi, mara ishirini, na kila noti lazima idondoke peke yake kama punje ya mahindi inayopukuchuliwa. Spika inayopasua sauti mapema, ambayo mpiga roki huitafuta kwa hamu, hapa huzigeuza punje hizo kuwa uji. Kinachotakiwa ni sauti safi hata ampli ikifunguliwa, na eneo la herzi 2,000 hadi 5,000 lililo wazi, kwani humo ndimo ncha ya noti inamokaa. Spika ya gitaa huishia karibu herzi 5,000 na haihitaji twita (spika ndogo ya sauti za juu). Ukali wote unaosikika hutoka kwenye karatasi yake yenyewe, ile koni inayotetemeka.

Halafu kuna vumbi. Goma imekaa juu ya lava ya Nyiragongo, na ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Vumbi lake ni jeusi, zito, na lina chembe zinazovutwa na sumaku. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, iburuze kwenye mchanga wa uani: itainuka ikiwa na ndevu. Jambo hili litarudi mwishoni mwa kisa.

Spika mbili zinakufa

Ya kwanza ilikatika wakati wa mazoezi. Multimita (kipimo cha umeme) ilionyesha haipitishi umeme kabisa: koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma karatasi, imeungua. Ya pili ilianza kukwaruza, sauti kama ya msasa kwenye kila noti ya chini, na baada ya wiki chache mpiga solo alisema hawezi tena kuivumilia. Hakuna aliyeipima wala kuifungua. Ilihesabiwa kuwa imekufa, ikawekwa kabatini pamoja na ile ya kwanza.

Kiongozi wa kikundi alikwenda sokoni akarudi na wufa (spika za besi) mbili za inchi 12 za omu 8, zenye mpira mpana ukingoni, karatasi nzito na kibandiko cha dhahabu kilichoandikwa 600 W. Fundi redio wa jirani alizifunga mahali pa zile mbili, kwa nyaya zilezile. Matundu ya bolti hayakulingana na fremu mpya, kwa hiyo alitoboa mengine kwenye ubao wa mbele na kuyaacha yale ya zamani wazi.

Jumapili iliyofuata gitaa la solo lilikuwa limerudi nyuma ya kinanda. Mpiga solo aliongeza sauti, kisha ukali, kisha sauti tena. Sauti ikawa nene, butu, na upande wa chini ukapwaya. Fundi mwingine, anayeshughulika na ampli za valvu, aliulizwa baada ya ibada.

"Papa fundi, hizi ni wati mia sita. Zitashindwaje na zile za wati ishirini na tano?"

"Ndugu yangu, wati ni chakula ambacho spika inaweza kumeza bila kuugua. Haikuambii itaimba kwa nguvu gani."

Alishauri sanduku liletwe kwake lipimwe. Wiki mbili zikapita bila kuletwa, maana kila wiki kulikuwa na ibada, na lilikuwa bado linatoa sauti.

Jumapili ampli ilipozima

Waimbaji walilalamika kwamba sanduku liko karibu mno na maikrofoni zao. Likasogezwa hadi upande wa pili wa jukwaa. Kebo ya spika iliyokuwepo ilikuwa ya mita moja tu. Mtu akachukua kebo ya gitaa ya mita sita: plagi ni ileile, inaingia vizuri, na sauti ilitoka.

Katikati ya seben sauti ilianza kukatika na kurudi. Mpiga solo aliitikisa kebo kwa mguu. Ikarudi, ikakatika tena. Kisha nyuma ya ampli ukasikika mlio mkavu kama kijiti kinachovunjwa, harufu ya kuungua, na kimya. Fyuzi ya ndani ilikuwa imekatika. Walibadilisha fyuzi mara moja, ikakatika papo hapo, na kwa bahati njema hawakujaribu ya pili wala kuifunga kwa waya.

Vipimo mezani

Ampli ya valvu huhifadhi voti 400 hadi 500 ndani ya kapasita hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kabla ya kugusa chochote fundi aliziondoa kwa rezista ya omu 10,000 ya wati 5 yenye waya zilizofunikwa vizuri, akapima, akasubiri, akapima tena hadi chini ya voti 10. Asiyejua hatua hii asifungue ampli ya namna hii, huua.

Chanzo kilionekana kwa macho. Kwenye soketi ya EL34 moja, kati ya pini ya 2 na ya 3, kulikuwa na mstari mweusi unaong'aa, mwembamba kama uzi. Pini ya 3 ni anodi, yenye voti zote kubwa. Pini ya 2 ni ya kupasha moto valvu. Cheche ilikuwa imeruka kati yake na kuichoma plastiki hadi ikawa makaa, na makaa hupitisha umeme. Ndiyo maana fyuzi ya pili haikudumu hata sekunde.

Kwa nini iruke? Ampli ya valvu husukuma spika kupitia transfoma, na transfoma hiyo inahitaji mzigo, yaani spika, upande wa pili. Mzigo ukikatika wakati gitaa linapigwa kwa nguvu, nishati iliyomo kwenye chuma chake haina pa kwenda, nayo hurudi upande wa kwanza, ule wa valvu, ikiwa voti kubwa kupita kiasi, hadi mahali dhaifu papasuke. Mara nyingi ni soketi. Mara mbaya zaidi ni transfoma yenyewe. Ampli za tranzista hali yake ni kinyume: zinavumilia kuachwa bila spika, lakini omu zikishuka chini ya zilizoandikwa hukaanga tranzista za kutolea sauti.

Mzigo ulikatika kwenye kebo. Ndani ya plagi, waya wa kati wa kebo ya gitaa ulikuwa umeshikwa na nyuzi tatu tu za shaba, nyingine zimevunjika. Kebo ya gitaa ina moyo mwembamba, mara nyingi kama milimita mraba 0.2, kwa sababu kazi yake ni kubeba milivoti. Kwenye wati 50 na omu 16 mkondo ni karibu ampea 1.8; kwenye omu 8 ni ampea 2.5, kwenye omu 4 ni 3.5. Kuna ampli ambazo ncha za tundu lake la spika hugusana zenyewe pasipokuwa na plagi, ili mzigo usikosekane. Hii ilikuwa nayo. Haikusaidia kitu, kwa sababu plagi ilikuwa ndani. Kilichokatika kilikuwa waya uliomo ndani ya plagi hiyo.

Transfoma ilipona, na hili lilithibitishwa kabla ya kununua kifaa chochote. Nusu mbili za upande wa valvu zilipimwa omu zake, kisha uzuiaji kati yake na chuma. Halafu voti 1 ya mkondo geu ilipelekwa kwenye waya wa omu 16, na voti zikasomwa upande wa valvu: karibu 7.3 kwa kila nusu, sawasawa. Kwa transfoma ya omu 3,400 kwenda 16 uwiano ni 14.6 kwa 1, kwa hiyo jumla ya 14.6 ndiyo iliyotarajiwa. Nusu moja ingepungua sana, au transfoma ndogo ya kupimia ingeanza kupata moto, maana yake ingekuwa mizunguko imegusana ndani. Anayefanya kipimo hiki asitumie voti 6 kwa uvivu wa kutafuta 1: upande wa pili atakutana na karibu 90.

Kisha sanduku. Kwenye jeki yake (tundu la plagi) multimita ilisoma omu 8.4. Spika ya omu 16 ikipimwa kwa multimita husoma kati ya 12 na 14, ya omu 8 husoma 6 hadi 7, kwa sababu multimita hupima waya wa koili tu bila mwendo wake. Sanduku la omu 16 lilipaswa kusoma karibu 13.

Wufa mbili za omu 8 zilikuwa zimeangukia jozi moja. Jozi hiyo sasa ilikuwa 16, na jozi ya Greenback ilibaki 32. Zikiwa sambamba: omu 10.7. Kwa ampli ya valvu iliyowekwa 16, tofauti hii si ya kuua, nayo siyo iliyochoma soketi, ingawa kanisani kila mtu alikuwa tayari kuzihukumu wufa. Madhara yake yalikuwa mengine. Kwenye muungano sambamba upande wenye omu chache hula zaidi: wufa zilichukua theluthi mbili za nguvu, kama wati 33, na Greenback zikabaki na 17.

Zilizokula zaidi ndizo zilizoimba kidogo. Greenback ina hisia, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ileile, ya desibeli 98 kwa wati 1 kwenye mita 1. Wufa hazikuandikwa hisia yake, kwa hiyo fundi alipitisha sauti ileile kwenye kila aina, peke yake, kwa voti zinazotoa wati moja, simu ikiwa umbali uleule. Tofauti ilikuwa kama desibeli 7. Desibeli 7 ni sawa na kuhitaji nguvu mara tano ili kufika mahali pamoja. Karatasi nzito yenye mpira mpana imetengenezwa kusukuma besi polepole. Ukiiomba ncha ya noti ya seben, haiwezi kukimbia kiasi hicho.

Na betri ikafichua la mwisho. Gusa betri ndogo ya voti 9 kwenye ncha za spika, chanya kwa chanya, kwa nusu sekunde: karatasi inapaswa kutoka nje. (Spika za zamani za JBL huenda kinyume, jambo lililowachanganya wengi.) Betri ilipoguswa kwenye jeki ya sanduku, tatu zilitoka nje na wufa moja ikaingia ndani. Ilikuwa imeungwa kinyume. Ikivuta hewa wakati jirani yake anasukuma, sauti za chini hufutana. Ndiyo ile hali ya kupwaya.

Njia tatu

Ya kwanza: kutoa wufa, kuacha Greenback mbili zilizo nzima zikiwa sambamba, omu 8, na kuiweka ampli kwenye 8. Haigharimu kitu. Tatizo ni kwamba spika hizo mbili hubeba wati 50 tu, na ampli ya wati 50 ikifunguliwa hadi ipasue hukaribia mara mbili ya hapo. Kama mahali pa kupumzikia inafaa. Kama makazi, hapana.

Ya pili: kuachana na spika nne, kuziba matundu mawili kwa tripleksi (plaiwudi) na kuweka spika mbili kubwa za wati 75 au 80. Sanduku lingekuwa jepesi kulibeba. Lakini lingeacha Greenback mbili nzima zikikaa kabatini, na kwa ukumbi wa bati wenye ngoma zinazopigwa kwa nguvu, eneo la karatasi nne lina faida inayosikika.

Ya tatu: kununua mbili za omu 16 na kurudisha mpangilio wa asili. Hapa swali likawa za aina gani. Greenback nyingine mbili zingerudisha sauti ileile, pamoja na kupasuka mapema kulekule ambako mpiga solo hakukupenda. Vintage 30, nayo ya Celestion kama zinazofuata, hubeba wati 60 na ina desibeli 100. Ikichanganywa na Greenback ya 98, itasikika juu yake daima, na katikati yake kali ingesimama mbele ya waimbaji. G12T-75 ni wati 75 na desibeli 97, safi, lakini katikati yake imelegea kidogo, na mi-solo angejaza pengo hilo hadi magitaa mawili yachanganyike. Creamback G12M-65 ni wati 65 na desibeli 97: tofauti ya desibeli 1 tu na Greenback, tabia ya ukoo mmoja, na husimama safi kwa muda mrefu zaidi. Ilichaguliwa hiyo, mbili, omu 16.

Jambo moja hapa husahaulika. Kuchanganya wati 65 na wati 25 hakuleti jumla ya 180. Nguvu hugawanywa sawa kwa nne, kwa hiyo kikomo ni kile cha mdogo mara nne: 100. Kwa ampli ya wati 50 kinatosha.

Spika zilikuja ndani ya sanduku la msafiri aliyepitia Kigali, karibu kilo nne kila moja, zikiwa zimefungwa kwa nguo. Zilichukua majuma matano kufika. Katika muda huo njia ya kwanza ilitumika, kwa makubaliano kwamba sauti haipiti nusu, na makubaliano yalishikwa kwa sababu kitufe cha sauti kiliwekewa alama ya rangi nyeupe.

Kufunga na kuunga

Matundu ya zamani yalizibwa kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, yakasawazishwa. Tundu la kukatia spika ya inchi 12 ni kama milimita 283, na bolti hukaa kwenye duara la milimita 297. Fundi redio aliyetoboa mwanzo alikuwa amekisia. Bolti zilikazwa kwa mkingamo, kama magurudumu ya gari, na kuachwa mara zinaposhika. Kukaza kupita kiasi hupinda fremu, fremu ikipinda koili hugusa ukuta wa sumaku, na spika mpya huanza kukwaruza siku ya kwanza.

Mpya zilikaa juu kushoto na chini kulia, za zamani kwenye pembe nyingine mbili, ili popote mtu anaposimama asikie mchanganyiko. Waya uliotumika ni wa shaba wa nyuzi nyingi, milimita mraba 1.5, wenye rangi mbili. Upande wa kushoto: chanya ya jeki kwenda chanya ya spika ya juu, hasi ya juu kwenda chanya ya chini, hasi ya chini kurudi hasi ya jeki. Upande wa kulia vivyo hivyo. Waya mmoja wa kiungo kila upande, waya mbili kurudi kwenye jeki, basi. Chuma cha kulehemu kishike kama sekunde tatu kwenye ulimi. Kikikaa zaidi, joto hupanda hadi kwenye uzi laini unaokwenda kwenye karatasi, na uzi huo ukinyonya risasi ya kulehemia huwa mgumu na kukatika kwa kutetemeka.

Ipo njia nyingine ya kufikia omu 16: kuunganisha mbili mbili sambamba kwanza, kisha jozi kwa mfululizo. Tofauti huonekana spika moja inapokufa. Kwa njia iliyotumika, tawi zima hunyamaza, omu hupanda hadi 32, na spika mbili zilizobaki hugawana wati 50: 25 kila moja, ukingoni kabisa mwa Greenback. Kwa njia ile nyingine omu hupanda hadi 24 tu, jambo zuri kwa transfoma, lakini mwenzake wa spika iliyokufa hubebeshwa theluthi mbili, kama wati 33. Akiwa Greenback, naye ataifuata. Fundi alichagua hasara ya transfoma kustahimili omu 32 kwa dakika chache kuliko spika ya pili kuungua, tena kunyamaza kwa nusu ya sanduku humshtua mpiga gitaa akazima. Ni uamuzi unaoweza kubishaniwa; kama zote nne zingekuwa za wati 65, njia ya pili ingekuwa bora.

Kabla ya kufunga mgongo: multimita kwenye jeki ilisoma 12.9. Betri ilitoa karatasi nne nje kwa pamoja. Soketi zote mbili za EL34 zilibadilishwa kwa za seramiki, valvu zikanunuliwa mpya mbili zinazolingana, na mkondo wake wa kupumzika (unaopita hata gitaa lisipopigwa) ukawekwa upya, kwa sababu valvu mpya haziwezi kuachiwa mpangilio wa zile za zamani. Kebo mpya ya mita sita ilitengenezwa kwa waya uleule wa 1.5 wenye plagi za chuma, ikapakwa rangi nyekundu kwenye ncha zote mbili. Huko nyuma kebo mbili zilifanana. Sasa hata mtoto anazitofautisha.

Matokeo

Kitufe cha sauti kilichokuwa kimefika 7 na wufa kilirudi kati ya 3 na 4, na solo likasikika juu ya kinanda bila kupasuka. Lakini malalamiko moja yalibaki: waliokaa safu za mbele, katikati, walisema gitaa linachoma masikio, na mpiga solo alikuwa akisema ukali hautoshi. Wote wawili walikuwa sahihi. Spika ya inchi 12 hutupa ukali wake mbele yake moja kwa moja, kama tochi. Sanduku lilikuwa sakafuni, tochi inamulika magoti ya mpigaji na nyuso za waliokaa. Liliinuliwa kwenye meza ndogo ya mbao ya sentimita 50 na kuegemezwa nyuma kidogo. Mpiga solo alipunguza ukali mwenyewe, bila kuambiwa.

Uchambuzi

Kupima transfoma kabla ya kununua valvu na soketi ndiko kulikookoa fedha nyingi kuliko uamuzi wowote mwingine. Ingekuwa imeungua, hesabu yote ingebadilika, na huenda ingefaa kutafuta ampli ya tranzista. Kuchagua spika kwa desibeli zinazokaribiana, badala ya wati, ndiko kulikofanya aina mbili ziimbe kama moja. Na alama ya rangi kwenye kitufe cha sauti, jambo dogo lisilo na gharama, ililinda Greenback mbili kwa majuma matano mikononi mwa vijana wanaopenda sauti kubwa.

Kosa kubwa halikuwa wufa. Kununua spika ya omu zisizolingana ni kosa linalosikika, na linalosikika hurekebishwa. Kebo ya gitaa ilikuwa kimya. Ilitoa sauti nzuri hadi dakika ilipoua. Onyo pekee lilikuwa kule kukatika na kurudi, na mpiga solo alilijibu kwa mguu. Kwa ampli ya valvu, sauti ikikatika mara moja, zima kwanza au geuza kitufe cha sauti hadi sifuri, ndipo utafute kebo.

Fundi redio hapaswi kubebeshwa yote. Aliunga spika kama angeunga za redio, ambako omu 8 na omu 16 hazimtishi mtu. Kilichokosekana ni karatasi ndani ya sanduku inayosema ni omu ngapi na zimeungwaje. Alifanya kazi gizani.

Kosa la mwisho liligunduliwa baada ya kazi kwisha. Ile Greenback iliyokuwa ikikwaruza ilitolewa kabatini kwa ajili ya kuchukua skrubu zake. Fundi aliipima: omu 13.1. Koili nzima. Alikata kofia ya katikati kwa wembe, nusu mduara, akamulika. Ndani ya mwanya, kati ya koili na sumaku, kulikuwa na chembe nyeusi zimesimama wima kama manyoya ya panya. Ni vumbi la mjini, limeingia kupitia kitambaa cha mbele cha sanduku kilichochanika. Kupuliza hakuziondoi, kwa sababu sumaku inazishika. Pumzi kali huzisukuma ndani zaidi. Alikunja mkanda wa karatasi wa wapaka rangi, upande wa gundi nje, akauingiza mwanyani na kuuzungusha, akautupa, akachukua mwingine. Kipande cha kumi na mbili kilitoka safi. Akarudisha kofia kwa gundi nyembamba, akabonyeza karatasi polepole kwa vidole viwili pande zote: hakuna mkwaruzo.

Kwa maneno mengine, spika iliyokufa ilikuwa moja, na kanisa lilinunua mbili. Zile mbili mpya hazikupotea, maana sauti safi iliyotakiwa ndizo zilizoileta. Lakini kama ile ya pili ingefunguliwa siku ilipoanza kukwaruza, Greenback tatu zingebaki kazini na kungetafutwa moja tu ya omu 16.

Sasa kitambaa cha mbele ni kipya, na sanduku lina gunia la pamba la kulifunika kati ya ibada. Ndani ya ubao wa mgongo imegundishwa karatasi yenye mchoro wa nyaya, aina ya kila spika na pembe yake, "omu 16, multimita 12.9", na tarehe. Greenback iliyosafishwa iko kabatini kama akiba, imefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, karatasi ikitazama juu.